Kuongoza timu ya kriketi inayoshindwa: mwongozo kwa nahodha wa klabu Nairobi

Timu ikipoteza mechi tano mfululizo, kila mtu klabuni huwa na dawa yake. Wazee wanaokunywa chai barazani wanataka fulani arudishwe kikosini. Mwenyekiti anataka vijana. Wachezaji wenyewe wanataka kocha mwingine, au mazoezi zaidi, au mpangilio mpya wa wapigaji. Nahodha akizimeza dawa zote kwa pamoja, Jumapili inayofuata atakuwa na kikosi kipya, mpango mpya na kipigo kile kile.

Timu dhaifu haipotezi mechi nzima. Hupoteza kipande chake, mara nyingi ova (mafungu ya mipira sita) saba au nane, kisha zilizobaki huzicheza kwa hofu. Kazi ya nahodha ni kukijua kipande hicho, kukipunguza, na kufanya maamuzi yake makubwa kabla mechi haijaanza kumchemsha. Maelezo yafuatayo yanahusu mechi za ova 50. Pale mambo yanapobadilika kwa ova 20, tumesema. Kanuni za ligi yako zikitofautiana na haya, fuata za ligi.

Hatua ya 1: Kitabu cha skora kwanza, hotuba baadaye

Chukua kitabu cha skora cha mechi tano zilizopita. Keti nacho saa moja na nusu hivi, wewe na naibu wako, simu zikiwa mbali. Gawa kila zamu ya kupiga vipande vitatu: ova 1 hadi 10, 11 hadi 40, na 41 hadi 50. Mgawanyo huu unatokana na kanuni zenyewe: katika ova kumi za kwanza walinzi wawili tu ndio wanaoruhusiwa kukaa nje ya duara lililochorwa ndani ya uwanja, thelathini za katikati ni wanne, kumi za mwisho ni watano. Kwa ova 20, sita za kwanza ni wawili, zilizobaki ni watano.

Kwa kila kipande andika mikimbio, wiketi (wapigaji waliotolewa), mipira mitupu (isiyoleta mkimbio), waidi (mipira iliyorushwa mbali mno na mpigaji) na noboli (mipira iliyorushwa kinyume cha sheria), na jozi ya wapigaji iliyodumu muda mrefu zaidi. Mipira iliyoangushwa mikononi kwa kawaida haimo kitabuni, kwa hiyo kuanzia sasa mwombe mchezaji wa akiba aiandike pembeni: ova ya ngapi, nani aliangusha, mpigaji alikuwa na mikimbio mingapi, na aliishia na mingapi.

Sasa piga hesabu. Tuseme mlishindwa kwa mikimbio 34 na mlitoa waidi 22. Waidi moja ni mkimbio mmoja pamoja na mpira wa kurudia. Mipira 22 ya kurudia ni karibu ova tatu na theluthi mbili. Wapinzani wakipiga mikimbio mitano kwa ova, hiyo ni mikimbio 18 zaidi. Jumla 40. Mechi iliondoka hapo, huku kila mtu akiwalaumu wapigaji.

Upande wa kupiga nao una hesabu yake. Ova 50 ni mipira 300. Timu iliyotolewa kwa 168 katika ova 44 imecheza mipira 264. Ukikuta 170 kati yake ni mitupu, basi mikimbio yote imetoka kwenye mipira 94. Ukiigeuza mitupu 30 ikawa mkimbio mmoja mmoja, umefika 198 bila kumwomba mtu apige sita (pigo linalovuka mpaka bila kugusa ardhi) hata moja.

Katika timu nyingi za klabu utakuta moja kati ya mambo matatu: waidi, mipira mitupu mingi kati ya ova ya 11 na ya 25, ambayo huishia kwa pigo la hasira linalodakwa, au wiketi ya pili kuanguka ndani ya ova mbili baada ya ya kwanza. Chagua tatizo moja. Nahodha anayetangaza matatu atapata robo ya kila moja.

Hatua ya 2: Kikosi na watu wake

Timu inayopoteza hubadilisha kikosi kila wiki, na hapo ndipo inapozidi kuzama. Mpigaji anayejua kwamba akikosa leo anaachwa kesho huchezea nafasi yake, hachezei skobodi. Mpe mpigaji mechi nne katika nafasi ile ile, na umwambie hivyo waziwazi: "Unapiga namba tatu mechi nne zijazo. Hata ukitoka kwa sifuri mbili za kwanza, ya tatu ni yako." Kisha timiza. Ukivunja ahadi hiyo mara moja, hakuna atakayekuamini tena kuhusu lolote.

Anayeachwa asijue kutoka kwenye orodha ya WhatsApp. Mpigie simu kabla orodha haijatoka, na umpe sababu moja inayopimika. Kwa mchezaji mkubwa kwa umri, heshima inatangulia hoja: "Mzee, shikamoo. Jumapili hii nitamwanzisha kijana kwenye slipu, pale pembeni mwa mlinda wiketi, kwa sababu ya yale magoti. Naomba uje, unisaidie na warushaji." Wengi watakuja. Atakayenuna amekwishakuonyesha jambo ambalo ulihitaji kulijua.

Naibu asiwe rafiki yako wa karibu. Chagua mtu anayeweza kukuambia "kapteni, hapo unakosea" wakati wiketi haianguki. Akiwa mlinda wiketi ni bora zaidi, maana anauona kila mpira kutoka pale pale na ndiye wa kwanza kujua mrushaji amechoka.

Na kamati? Kubaliana nayo mapema jambo moja tu: nani ana neno la mwisho kuhusu kikosi, na siku gani orodha inafungwa. Alhamisi jioni inatosha. Baada ya hapo, ushauri wote kutoka barazani pokea kwa asante, mezea.

Hatua ya 3: Mazoezi mawili kwa wiki

Wachezaji wengi wana kazi au shule, na jam ya jioni haimhurumii mtu, kwa hiyo panga dakika 90 zinazojulikana badala ya saa tatu za kupigapiga netini, yaani ndani ya wavu wa mazoezi. Kosa la kawaida la neti ni kwamba kila mpigaji anapiga dakika kumi za mipira ya kila aina, hakuna anayehesabu chochote, na wote wanaondoka wakijisikia vizuri.

Siku ya kwanza shughulikia tatizo mlilolichagua. Kama ni waidi, weka jozi ya viatu vya zamani au koni mbili umbali wa mita 6 hadi 8 kutoka kwenye wiketi (vile vijiti vitatu), kwenye mstari wa wiketi ya ofu, yaani kijiti kilicho mbali na miguu ya mpigaji, au nje yake kidogo. Kila mrushaji arushe ova nne na mtu aandike mipira mingapi imepita salama. Kwa yoka (mpira unaotua miguuni mwa mpigaji), alama ikae kwenye mstari wa kupigia, mita 1.22 mbele ya wiketi. Mrushaji wa klabu anayepiga alama ya yoka mara mbili katika sita si wa kupewa ova ya 50, hata akisema ataweza. Hilo ulijue Jumanne, usilijue Jumapili saa kumi jioni.

Kama tatizo ni mipira mitupu, acha neti mwende katikati ya uwanja. Weka walinzi kama kwenye mechi, wapigaji wawili, ova sita, na kanuni moja: mipira miwili mitupu ikifuatana, mpigaji ametoka. Mwanzoni watakimbia ovyo na kutolewa kwa kukosa kufika, na ni sawa, ndiyo maana mnafanya mazoezini. Baada ya wiki mbili hivi wataanza kuuangusha mpira mbele ya miguu na kuitana mapema: "Njoo!", "Ngoja!", "Hapana!" Maneno matatu yanatosha, na kila mmoja atumie hayo hayo. Katika timu yenye watu wanaozungumza Kiswahili, Kigujarati, Kiingereza na Sheng, kutoelewana katikati ya pichi hugharimu wiketi.

Siku ya pili ni kudaka, kisha mchezo wa hali halisi. Kudaka: mipira 30 kwa kila mtu, kumi ya juu, kumi ya kasi kifuani, kumi ya chini karibu na ardhi. Lile zoezi la timu nzima kudaka kumi na mbili mfululizo na kurudi sifuri mmoja akiangusha, liepuke wakati mnapoteza. Hufundisha watu kuombea mpira uende kwa mwingine. Mchezo wa hali halisi: ova tano, mikimbio 28 inatakiwa, wiketi nne zimebaki. Cheza mara mbili, wapigaji na warushaji wabadilishane. Wewe ongoza kama kwenye mechi, na umwachie naibu mara moja ili uone anavyofikiri.

Hatua ya 4: Asubuhi ya mechi

Weka saa ya kufika dakika 75 kabla ya mpira wa kwanza. Kuchelewa si suala la adabu pekee. Kwa Sheria ya 24 ya kriketi, asiyekuwa uwanjani mchezo unapoanza huwekewa muda wa adhabu: akikosekana dakika 40, kwa kawaida hataruhusiwa kurusha mpaka awe amekaa uwanjani dakika 40, na kikomo cha adhabu ni dakika 90. Kama mrushaji wako wa mpira mpya anatoka ng'ambo ya mji na mechi iko Ruaraka, jam ya Thika Road ikimkamata umepoteza ova zako bora kabla ya kuanza. Panga nani anampitia nani kwa gari usiku wa kuamkia mechi.

Angalia pichi na naibu wako pamoja na mrushaji mmoja. Bonyeza kwa kidole gumba: kikiacha alama, kuna unyevu, na mpira utashika na kubadilisha mwelekeo katika saa ya kwanza. Hali hiyo ni ya kawaida Juni na Julai, asubuhi za mawingu na baridi. Nairobi iko mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Mpira hupinda kidogo hewani, lakini ukipigwa juu huenda mbali. Mrushaji anayetegemea kupindisha hewani pekee atakuangusha hapa. Anayeupiga mshono ardhini atakufaa. Walinzi wa mpakani nao wakae kwenye mpaka kabisa, si hatua tano ndani. Mkicheza kwenye mkeka uliotandikwa juu ya saruji, mpira utaruka juu zaidi na kwa namna moja muda wote. Hapo spini (mpira uliozungushwa) ya polepole inayorushwa fupi ni zawadi kwa wapigaji.

Orodha ya wachezaji hutolewa kwa maandishi kabla ya tosi (kurusha sarafu), na tosi yenyewe hufanyika kati ya dakika 30 na 15 kabla ya kuanza. Uamuzi uwe umekwishafanyika. Timu dhaifu hupenda kupiga pili kwa sababu inajua inachokitafuta, lakini angalia mbingu: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, mvua ya alasiri inaweza kukata zamu ya pili. Pale hesabu ya Duckworth-Lewis-Stern (njia ya kurekebisha lengo mvua ikikata mechi) inapotumika, ova na wiketi zilizobaki vyote vinahesabiwa kama akiba. Anayepiga pili na wiketi tano zimeanguka ova ya 20 huwa ameshindwa kabla mawingu hayajafika.

Chakula cha mchana nacho ni mbinu. Sahani ya biriani iliyojaa halafu kwenda kulinda uwanja ni ova tano za kwanza mmezigawa bure. Wali kidogo, kuku, matunda, maji. Biriani ingoje jioni.

Hatua ya 5: Uwanjani, mambo yanapoharibika

Ingia na karatasi ndogo mfukoni. Iandike hivi: namba za ova safu ya kwanza, jina la mrushaji safu ya pili, na mrushaji mbadala safu ya tatu. Timu nyingi zinazosuasua zina warushaji watatu wa kuaminika, kila mmoja ova kumi, yaani ova 30, na ova 20 za kubahatisha. Swali kubwa la nahodha ni wapi pa kuzificha hizo 20. Wengi huziweka mwisho kwa kuwa wamemaliza wazuri mapema, au huwahifadhi wazuri kwa ajili ya mwisho na mechi inakwisha ova ya 30. Njia inayofanya kazi mara nyingi ni hii: warushaji wawili wa kasi ova tano kila mmoja mwanzoni, mrushaji wa spini aingie ova ya 11, na upande wa pili mrushaji dhaifu wa kwanza kwa ova tatu tatu. Wiketi ikianguka, mwondoe dhaifu mara moja umrudishe mmoja wa wale wawili kwa ova mbili. Mpigaji mgeni katika mipira yake kumi na miwili ya kwanza hatakiwi kuonja mpira laini. Asipotoka, rudi kwenye karatasi.

Mpango wa kufunga bomba, yaani kuzuia mikimbio, katikati ya zamu, kwa mrushaji wa mwendo wa wastani na mpigaji wa mkono wa kulia: nje ya duara weka long-oni, dip midwiketi, dip skwea-legi na dip kava. Ndani weka midi-ofu, kava, pointi, midwiketi fupi na faini-legi fupi. Mpira uelekezwe wiketini, urefu wa wastani. Mpangilio huu unatoa mkimbio mmoja na unazuia nne (pigo linalofika mpakani). Ukivuja, angalia kwanza mrushaji anarusha wapi. Akirusha nje ya wiketi ya ofu, hakuna mpangilio wa upande wa legi (upande wa miguu ya mpigaji) utakaomwokoa. Kumbuka pia kwamba nyuma ya mstari wa kupigia upande wa legi wanaruhusiwa walinzi wawili tu, vinginevyo ni noboli, na nahodha aliyechanganyikiwa hulisahau hilo haraka sana.

Kosa kubwa la nahodha aliyebanwa ni kuukimbiza mpira. Nne imepita kava, anamhamisha pointi kwenda kava. Mpira unaofuata unapita pointi. Ova moja, walinzi wamesogea mara nne, mrushaji hajui tena anarusha wapi. Jiwekee kanuni: mpira mbaya ukipigwa nne, usiguse mlinzi yeyote. Mpira mzuri, uliotua mahali mlipokubaliana, ukipigwa nne, hapo badilisha.

Ova mbili zikichukuliwa mikimbio 25, fuata mpangilio huu. Kwanza, tembea mwenyewe hadi kwa mrushaji. Usipige kelele kutoka midi-ofu, uwanja mzima utakusikia na mpigaji pia. Muulize, usimwambie:

"Unataka kurusha nini?"
"Yoka, kapteni."
"Sawa. Nani arudi nyuma?"
"Midi-oni."
"Haya. Huu mmoja, halafu tuzungumze."

Mrushaji aliyechagua mwenyewe hurusha kwa mkono uliolegea kidogo. Akikujibu "sijui", mpe wewe jambo moja dogo: polepole, wiketini, urefu ule ule. Akimaliza ova mpumzishe, na mtume mahali ambapo mpira utamfikia mapema, asikae kwenye mpaka akijilaumu.

Pili, mnyime mpigaji aliyewaka moto nafasi ya kupiga. Warudishe walinzi wake mpakani katika mipira miwili ya kwanza ya ova, mpe mkimbio mmoja, kisha walete ndani kwa mwenzake na urushe mipira minne iliyobaki kwa huyo. Si mbinu ya kishujaa. Lakini mpigaji aliyewaka akikaa ova tatu anauona mpira mara sita tu, huanza kupiga vya nguvu visivyo na sababu.

Tatu, badilisha upande wa kurushia kabla ya kumhukumu mtu. Mteremko mdogo, upepo, au alama za miguu hubadilisha kila kitu. Mwaka 1981, mjini Leeds, timu ya Australia ilihitaji mikimbio 130 tu kuishinda Uingereza. Mrushaji wa Uingereza, Bob Willis, alikuwa ameanza kurusha upande wa kupanda mlima. Nahodha wake Mike Brearley alipomhamishia upande wa pili, akachukua wiketi 8 kwa mikimbio 43. Australia walitolewa kwa 111, Uingereza wakashinda kwa 18.

Nne, punguza kasi kihalali. Kuzungumza na mrushaji wakati anarudi kwenye alama yake, kupanga walinzi mara moja kwa utaratibu, hayo yanaruhusiwa. Kufunga kamba za viatu mara tatu ni kupoteza muda: mwamuzi atakuonya mara moja, ukirudia katikati ya ova mrushaji anaondolewa, na ikiwa ni baina ya ova moja na nyingine mtatozwa mikimbio mitano.

Mikono ni lugha yako. Walinzi wanakutazama baada ya kila mpira. Nahodha aliyeshika kiuno au kufunika uso kwa kofia amekwishatangaza matokeo. Mpira ukiangushwa, sema jina la aliyeuangusha na maneno mawili, "Songa mbele," basi. Mwache pale pale alipokuwa. Ukimhamisha, umemwambia mbele ya wote kwamba humwamini.

Kulinda mikimbio michache kunahitaji ukali zaidi kuliko watu wanavyodhani. Februari 1996, Pune nchini India, timu ya Kenya chini ya Maurice Odumbe ilitolewa kwa 166 dhidi ya West Indies, timu yenye mpigaji mashuhuri Brian Lara. West Indies wakaishia 93. Odumbe mwenyewe alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 15, Rajab Ali 3 kwa 17. Ukiwa na 150, huwezi kusubiri ova 50 ziishe, mahesabu hayakupendelei. Unahitaji wiketi kumi. Slipu wawili, mrushaji bora arushe ova saba mfululizo, na ukubali kwamba nne chache zitapita.

Hatua ya 6: Kupiga baada ya wiketi kuporomoka

Kombe la Dunia la 2011, Chennai nchini India, timu ya Kenya ilitolewa kwa 69 katika ova 23.5 dhidi ya New Zealand. Zaidi ya nusu ya mipira haikuchezwa. Kuporomoka kwa namna hiyo, kwa timu yoyote, kunapunguzwa kwa utaratibu uliokubaliwa mapema. Wiketi mbili zikianguka ndani ya ova tatu, wapigaji waliopo wana kazi moja: mipira kumi na miwili ijayo, hakuna pigo la juu, na mipira iliyo nje ya wiketi iachwe. Anayesubiri avae pedi na kofia mapema, akae nje penye mwanga ili macho yasimchezee. Kanuni inampa dakika tatu kuwa tayari, azitumie. Aingie polepole, azungumze na mwenzake, aombe gadi (mwamuzi amwonyeshe pa kuweka gongo), aangalie walinzi mmoja mmoja.

Hesabu ndiyo inayotuliza. Tuseme mnatafuta 240 na ova ya 20 mna 78 kwa wiketi tano. Inaonekana msiba. Zinahitajika 162 kwa ova 30, yaani 5.4 kwa ova. Mkicheza ova kumi kwa 3.5 bila kupoteza wiketi, mko 113. Zinabaki 127 kwa ova 20, yaani 6.35. Ova kumi nyingine kwa tano tano, mko 163. Zinabaki 77 kwa kumi. 7.7 kwa ova ni ngumu, lakini kwa wiketi tano mkononi timu za klabu hufika. Andika hatua hizo kwenye karatasi, mtu aipeleke na maji ya kunywa: "Ova ya 30: 113. Usiangalie skobodi kabla ya hapo."

Wachezaji wa namba nane hadi kumi na moja wafanye mazoezi ya kupiga kila wiki, dakika kumi kila mmoja, na kazi yao ielezwe: ukiwa na mpigaji halisi upande wa pili, mpe mkimbio mmoja. Timu inayopoteza hupoteza mikimbio 20 hapo kila mechi kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kitu.

Hatua ya 7: Jioni ya kushindwa, na Jumatatu

Salimia wapinzani, waamuzi na skora, kila mtu, nahodha akiwa mbele. Ikiwa mmoja wenu alimjibu mwamuzi vibaya, nenda naye akaombe radhi kabla hajavua viatu, maana sheria zinakuhesabu wewe kuwa mwenye dhamana ya tabia ya timu.

Ndani ya chumba, dakika kumi na tano za kwanza usiseme lolote la mchezo. Watu wavue pedi, wanywe maji. Halafu sema jambo moja lenye namba na jambo moja la wiki ijayo, mwisho. Lawama zote za mtu mmoja zisubiri Jumanne, faraghani. Anayetaka kufungua kesi pale pale mkatize kwa upole: "Hilo tutaliongea Jumanne, kaka." Na usiku huo kundi la WhatsApp lifungwe, wasimamizi tu ndio waandike, mpaka asubuhi. Mengi yanayovunja timu huandikwa kati ya saa nne na saa sita usiku.

Jumatatu jioni tuma ujumbe mfupi. Mfano: "Habari zenu. Jana waidi zilikuwa 9. Wiki iliyopita 22. Wiketi tatu zilianguka kati ya ova ya 14 na 17, hapo ndipo tulipopotea. Jumanne saa kumi na moja unusu tunashughulikia ova hizo tu. Asiyeweza kufika aniambie leo." Hakuna sifa za kubembeleza, hakuna maneno ya Mungu akipenda tutashinda. Timu ikiona namba inashuka, inajua kitu kinatokea hata kama jedwali la ligi halijasogea.

Hatua ya 8: Wewe mwenyewe

Unahodha hula kiwango cha mchezaji. Ian Botham aliuacha unahodha wa Uingereza mwaka huo huo wa 1981 baada ya kutoka sifuri mara mbili katika mechi moja kwenye uwanja wa Lord's, London. Mechi iliyofuata, ile ya Leeds, akapiga 149 bila kutolewa. Usijifiche namba nane ukiwa huna kiwango, na usijipandishe namba mbili ili uonekane jasiri. Kaa ulipokuwa, piga neti dakika 20 kabla wengine hawajafika, kwa sababu mazoezi yakianza utakuwa unawaangalia wao.

Tafuta mtu mmoja nje ya timu wa kumwaga moyo kwake. Mke, kaka, nahodha wa zamani, yeyote asiyecheza Jumapili. Ukilalamika kwa mchezaji mmoja, wamesikia kumi.

Kuacha pia ni uamuzi unaopangwa. Ikifika mechi nane hesabu zako za waidi, mipira mitupu na mipira iliyoangushwa haziendi popote, na wachezaji wameacha kukujibu unapouliza uwanjani, mwambie mwenyekiti katikati ya wiki, si usiku wa kipigo. Pendekeza jina. Mpe anayekuja ile karatasi ya ova, hesabu za kitabu cha skora, na orodha ya ahadi ulizowapa wachezaji, hasa yule mpigaji wa namba tatu ambaye bado ana mechi mbili.